Uliza Mwalimu: "Intensify" tuiseme vipi kwa Kiswahili?

Safari hii maswali mengi yaliyoingia yanazunguka neno moja la Kiingereza, intensify, yaani jambo kuzidi nguvu au ukali, pamoja na ndugu zake, kwaiyo nimeona bora niyaweke pamoja. La kwanza nitalijibu kwa urefu maana ndo lenye mambo, mengine tutaenda nayo haraka.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana najitolea kwenye chumba cha habari cha redio moja hapa Dar, kazi yangu asubuhi ni kutafsiri habari za nje kabla taarifa ya saa moja haijasomwa. Neno intensify linanitesa kwa kweli, kila siku lipo, leo vita zime-intensify, kesho kimbunga, keshokutwa kampeni, alafu juhudi za uokoaji nazo zime-intensify. Nikiandika "kuongezeka" mhariri anakata, nikiandika "kupamba moto" anakata tena, na hana muda wa kunieleza kosa liko wapi. Mwenzangu mmoja kaniambia nisihangaike, Kiswahili hakina hilo neno, ni lugha changa kwenye mambo ya habari. Naomba unipe neno moja sahihi ambalo nikiliandika halikatwi. Ni mimi mfasiri chipukizi, Sinza.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuamka mapema kufanya kazi ambayo wengi wanaisikiliza wakiwa kwenye daladala bila kujua nani kaiandika. Neno moja sikupi, kwasababu halipo, na kutokuwepo kwake sio umaskini wala uchanga wa lugha, ngoja nikuoneshe.

Kwanza hiyo habari ya mwenzako kwamba lugha yetu imepungukiwa. Hao Waingereza wenyewe neno intensify hawakuwa nalo kwa muda mrefu sana. Mshairi wao Samuel Taylor Coleridge ndiye anayehesabiwa kuliingiza kwenye maandishi, mwaka 1817, kwenye kitabu chake Biographia Literaria, na aliweka maelezo pale pale chini ya ukurasa akasema anajua fika neno hili halimo kwenye kamusi ya Johnson, ile kubwa iliyotoka mwaka 1755, na kwamba hata yeye mwenyewe likimpita sikioni analiona baya. Ila akasema hana namna, maana neno la zamani ambalo watu kama Newton walikuwa wanalitumia kwa maana hiyo, intend, lilikuwa limeshachukuliwa na maana nyingine, ile ya kukusudia, na akisema kwa maneno mawili matatu sentensi yake inavunjika. Yaani Shakespeare aliandika tamthilia zake zote bila intensify, na sijasikia mtu akisema Kiingereza cha Shakespeare kilikuwa changa. Kwaiyo mwenzako akirudia maneno yale mwambie hivyo, kwa upole tu.

Sasa tuje kwenye kazi yako. Kiingereza kimepata neno moja linalovaa nguo zote, ukiwa na vita linakaa, ukiwa na joto linakaa, ukiwa na maumivu, rangi, chuki, ushindani, kote linakaa. Kiswahili kinafanya kinyume chake, kinakuuliza kwanza: ni nini hicho kinachozidi? Ukishajibu hapo, kitenzi kinakuja chenyewe, maana kila kitu kina namna yake ya kuzidi. Rangi inakolea. Chai inakolea, usingizi unakolea, mapenzi yanakolea, mkaa nao unakolea ukishaachwa ushike wote. Vita inachacha. Kampeni zinapamba moto, na maandalizi ya harusi, na ligi ikifika mzunguko wa pili na Simba na Yanga wanafukuzana kwa pointi chache, hapo ushindani umepamba moto na hakuna mtu atakayekukata. Bahari inachafuka. Uhasama unakomaa, chuki inaota mizizi, hofu inatanda, tetesi zinashika kasi. Joto la hapa kwetu la Januari na Februari linazidi, au linakuwa kali, mtu wa Kariakoo hasemi joto limepamba moto, na maumivu nayo hayapambi moto hata siku moja, hapo nadhani ndipo mhariri wako alipokukata mara ya pili.

Na mara ya kwanza alikukata kwasababu "kuongezeka" ni neno la wingi, linahesabu. Ukisema "mapigano yameongezeka" msikilizaji wa Mbagala anaelewa kwamba yalikuwa sehemu moja saivi yako sehemu tatu, au yalikuwa yanatokea mara moja kwa wiki sasa ni kila siku. Ukisema "mapigano yamechacha" anaelewa ni mapigano yale yale, pale pale, ila sasa ni makali kuliko jana. Ni habari mbili tofauti kabisa hizo, na intensify kwa kawaida inamaanisha hiyo ya pili. Ndo maana nakwambia kabla hujaandika chochote urudi kwenye habari yenyewe uisome mpaka chini, uone ni idadi iliyopanda au ni ukali, kwasababu waandishi wa nje nao wakati mwingine wanaandika intensify wakiwa na maana ya vyote viwili, na wewe ndo unatakiwa kuchagua.

Kuna kitu kingine ambacho nakiona ni kikubwa kuliko hivyo vyote na kwenye vyumba vya habari hakisemwi vya kutosha. Kiingereza kinaweza kusema "fighting intensified" na kinaweza kusema "the army intensified its attacks", kitenzi ni kile kile hakibadiliki. Kwetu huwezi kukwepa, lazima uchague: kimezidi chenyewe au kuna mtu amekizidisha. Zidi na zidisha, kolea na koleza, ongezeka na ongeza. Ukiandika "mashambulizi yamezidi" umemwacha mshambuliaji nje ya sentensi, kana kwamba mashambulizi ni mvua imeshuka yenyewe kutoka mbinguni. Ukiandika "jeshi limezidisha mashambulizi" umemtaja mwenye mkono. Kwa mtu anayesikiliza taarifa ya habari hiyo herufi mbili tatu za "-sha" ndizo zinazomwambia nani amefanya nini, kwaiyo usiziweke wala kuziondoa kwa mazoea. Kama habari yenyewe imemtaja aliyefanya, mtaje. Kama haijamtaja, usimzue, baki na "zidi".

Nije kwenye kimbunga, maana umekitaja na sisi tunaokaa pwani hili neno limetugusa. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja upande wetu kikaishia Mafia, watu walikuwa wanafuatilia taarifa saa hadi saa, na kwenye habari za vimbunga neno linalotumika sana ni "kuimarika", kimbunga kimeimarika, kimbunga kinaendelea kuimarika. Kwa mtaalamu wa hali ya hewa ni neno sawa tu, lina maana kwamba mfumo umejipanga vizuri na upepo wake una nguvu. Ila mi naona kwenye sikio la mtu wa kawaida linaleta shida, kwasababu miaka yote tumelisikia kwenye mambo mazuri, uchumi umeimarika, afya ya mgonjwa imeimarika, uhusiano wa nchi mbili umeimarika. Mvuvi wa Kunduchi ambaye ameshika redio sikio moja huku anakunja nyavu akisikia "hali ya kimbunga imeimarika" anaweza kabisa kuelewa kwamba mambo yametulia, na hapo ni maisha ya mtu tunaongelea. Andika "kimbunga kinazidi kupata nguvu". Ni maneno manne tu, hakuna mtu wa pwani wala wa bara atakayeyaelewa vibaya. Na kikipungua, kama kile cha Jobo cha Aprili 2021 kilichokuwa kinaelekea huku kwetu kikaja kufifia kabla hakijafika, andika hivyo hivyo, "kimepungua nguvu" au "kimefifia".

Na kama habari imesema "rapid intensification", hilo sio pambo la mwandishi, ni msemo wa kitaalamu wenye kipimo chake: upepo wa kimbunga umeongezeka kasi kwa angalau kilomita 55 kwa saa ndani ya saa 24. Hali hiyo inatokea kimbunga kikipita juu ya maji ya bahari yenye joto jingi na juu yake hakuna pepo za kukivuruga. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilifanya hivyo, kilipata nguvu haraka sana kabla hakijaipiga Cabo Delgado kule Msumbiji, na jambo hili linaogopesha kwasababu watu wanalala wakijua ni upepo wa kawaida wanaamka na kimbunga kikali. Kwaiyo ukikutana nao usiseme "kuimarika kwa haraka", sema "kimepata nguvu kwa kasi isiyo ya kawaida ndani ya siku moja", hata kama inakula sekunde mbili zaidi hewani.

Kwenye "continues to intensify" nako wengi wanajikwaa, wanaandika "inaendelea kuongezeka kwa ukali", alafu sentensi inakuwa nzito kama gunia la mkaa. Neno "zidi" peke yake linabeba yote mawili, kuendelea na kupanda. "Mvua inaendelea kunyesha" maana yake haijakata, inaweza kuwa hata manyunyu. "Mvua inazidi kunyesha" maana yake haijakata na sasa ni kubwa kuliko mwanzo. Tofauti hii iko wazi kwa bibi yeyote wa Mzizima, ila kwenye taarifa za habari naisikia inachanganywa karibu kila masika, na bonde la Msimbazi likishajaa hilo sio kosa la sarufi tu, mtu wa Jangwani anataka kujua ahamishe vitu saa hii au asubiri.

Epuka pia ule ugonjwa wa kugeuza kitenzi kuwa jina, "kumekuwa na kuongezeka kwa ukali wa mapigano". Nani anaongea hivyo? "Mapigano yanazidi kuwa makali", basi, imetosha. Na "intensify efforts", ambayo kwenye taarifa za mashirika na serikali haikosi, usiipigie magoti: "wameongeza juhudi", "wamekaza", "wameongeza watu na vifaa" kama kweli habari inasema wameongeza watu na vifaa. Mara nyingi ukitafuta ndani ya habari unakuta juhudi zenyewe hazijaelezwa ni zipi, na hapo inabidi umwambie mhariri wako wazi kwamba sentensi hii haina kitu ndani, yeye ndo aamue ibaki au iondoke.

Neno la mwisho kwako, "kutia chumvi". Nimeona sehemu mtu katafsiri intensify hivyo. Hapana. Kutia chumvi ni kusema jambo kubwa kuliko lilivyo, wakati intensify ni jambo lenyewe kuwa kubwa kweli. Hayo mawili ukiyachanganya kwenye habari ya vita umemwita shahidi muongo.

SWALI: Habari za kazi Mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha nne shule moja ya Temeke, kwenye insha ya Kiingereza aliandika "The number of passengers at the bus station has intensified", mwalimu wake kampiga mkasi. Mtoto kaja analia kwamba kamusi inasema intensify ni kuzidi, na abiria kweli wamezidi. Mimi Kiingereza changu ni cha zamani, nimeshindwa kumsaidia. Nani yuko sahihi? Mzazi, Yombo.

JIBU: Mwalimu wake yuko sahihi, ila mwambie kijana asilie kwasababu kosa lake lina akili ndani yake, limetoka kwenye Kiswahili chake kizuri. Sisi "kuzidi" tunaitumia kwa idadi na kwa ukali, abiria wamezidi, joto limezidi, vyote sawa, neno ni moja. Kiingereza kimetenganisha. Intensify inataka kitu ambacho hakihesabiki, kitu chenye kiwango cha ukali kinachopanda na kushuka, kama joto, maumivu, presha, mwanga, harufu, ushindani, mapambano. Abiria wanahesabika, mmoja wawili watatu, kwaiyo hawa-intensify, wanaongezeka tu: "has increased" au "has grown". Bei nazo ni namba, haziwezi ku-intensify, zinapanda, "prices have risen". Ila hali inayosababishwa na hao abiria inaweza. "Competition for seats has intensified", hapo amepatia kabisa, maana kinachozidi sio watu, ni kule kugombania siti, na kama ameshawahi kupanda basi pale Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi hana haja ya kufafanuliwa zaidi.

Mfundishe na vitu viwili vidogo. Asiandike "intensify more" wala "intensified very much", neno lenyewe limeshabeba kuzidi ndani yake, akiongeza juu ya hapo ni sawa na kusema "zidi kuzidi". Na akitamka asikazie mwanzo, mkazo uko katikati, in-TEN-si-fai, tena kwenye wakati uliopita ile y inageuka i, "intensified", hapo wanafunzi wengi wanapoteza maksi bure. Alafu ajue pia kwamba ni neno la kuvaa suti kidogo. Kwenye insha linakaa vizuri, ila kwenye barua ya kirafiki ambayo mtu anamwambia mwenzake maumivu ya jino yamezidi, Mwingereza wa kawaida atasema tu "it's getting worse".

SWALI: Mwalimu pole na majukumu. Mimi ni muuguzi kituo cha afya huku Temeke. Kwenye mafunzo yetu tunafundishwa kwa Kiingereza tumuulize mgonjwa kama maumivu yana-intensify na nini kinaya-aggravate, alafu tukirudi wodini wagonjwa ni Waswahili watupu. Wenzangu wengine wanauliza "je, maumivu yanaongezeka ukali?" na mgonjwa anabaki anakutolea macho. Tuulizeje?

JIBU: Dada yangu, swali lako nimelipenda sana kwasababu hapa neno likikosewa ni mtu anaumia. Hayo maneno mawili ya Kiingereza hayafanani. Intensify inaangalia maumivu yenyewe yanavyopanda. Aggravate inatafuta kinachoyachochea, na ukifuata asili yake ya Kilatini ni kuongeza uzito juu ya mzigo ambao tayari upo. Kwa Kiswahili maswali yote mawili yanaulizika kirahisi kuliko hata kwenye hicho Kiingereza: "Maumivu yako vile vile au yanazidi?" Hilo la kwanza. Na la pili, "Ukifanya nini ndo yanazidi? Ukitembea, ukikohoa, ukila, ukilala chali?" Mpe na mifano kabisa, usiogope kwamba unamlisha maneno, maana mtu mwenye maumivu akili yake haipo kwenye kuchambua maswali.

Msikilize na yeye anavyosema, kwasababu wagonjwa wetu wana maneno yao na yana maana kamili. Akisema "yananibana" sio sawa na "yananichoma", na "yanakuja na kuacha" sio sawa na "hayaachii". Mama mjamzito akisema "uchungu umechanganya" ameshakwambia kila kitu, kwamba haupo tena ule wa kuja na kupotea, sasa umeshika kasi, unakuja kwa karibu karibu na kwa nguvu. Hapo mimi naona hakuna neno la Kiingereza linalolifikia, na muuguzi anayelijua atainuka kwenda kumuangalia mara moja, wakati yule anayesubiri kusikia "unaongezeka ukali" anaweza kuchelewa. Tafadhali wafundisheni hivyo wanafunzi wanaokuja kufanya mazoezi hapo kituoni kwenu, hasa waliokulia mikoani ambako wanasema tofauti, waandike pembeni mwa daftari zao wagonjwa wa hapa wanasemaje.

Na "kutonesha" usiliache. Hilo ni la kidonda au sehemu iliyoumia ikiguswa tena, "amejitonesha", na limebeba maana yote ya aggravate ndani yake. Mgonjwa wa mguu ukimwambia "usijitoneshe" haihitaji maelezo.

SWALI: Mambo vipi Mwalimu, mimi niko dawati la huduma kwa wateja ofisi moja ya hapa Posta. Sisi kila saa tunasema "nime-escalate ishu yako". Juzi mteja mmoja mzee kanijia juu, anasema yeye kaleta tatizo litatuliwe mimi namwambia nimelikuza. Kwani kakosea wapi?

JIBU: Hajakosea, heshima yake. Escalate maana yake inayojulikana zaidi nje ya ofisi ni hiyo hiyo ya jambo kukua hatua kwa hatua mpaka linakuwa baya, ugomvi wa maneno unakuwa wa ngumi, wa ngumi unakuwa wa mapanga. Neno lenyewe limezaliwa kutoka kwenye escalator, zile ngazi za umeme kama za uwanja wa ndege. Escalator ilianza kama jina la biashara, mvumbuzi Charles Seeberger ndiye aliyelitunga, ngazi zenyewe zikaoneshwa kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, na kampuni ya Otis ikalimiliki jina mpaka mwaka 1950, hapo likatangazwa huko Marekani kwamba limeshakuwa la watu wote. Alafu miaka ya mwishoni mwa 1950, enzi za vita baridi, ndo watu wakaanza kusema vita vina-escalate, yaani vinapanda ngazi kutoka silaha ndogo hadi za nyuklia, na ukipanda ngazi ya umeme inakubeba hata kama umesimama tu, hiyo ndo hofu waliyokuwa nayo. Maana yenu ya ofisini, kupeleka shauri kwa mkubwa zaidi, imekuja baadae.

Kwa mteja sema "nimelipeleka ngazi ya juu" au "nimelifikisha kwa msimamizi wangu", na umalizie na kitu anachokihitaji kweli, atajibiwa lini na na nani. Huyo mzee mpigie simu umuelezee vizuri, anastahili.

SWALI: Mwalimu, "intense" na "intensive" ni kitu kimoja? Mwanafunzi wa chuo, Mlimani.

JIBU: Sio kimoja. Intense ni ukali wa kitu chenyewe: maumivu makali, joto kali, mtu mwenye hisia nzito. Intensive ni kazi iliyobanwa ikafanywa kwa nguvu nyingi au kwa muda mfupi, kama kozi ya lugha ya wiki mbili asubuhi mpaka jioni, au kilimo cha kuvuna sana kwenye eneo dogo kwa mbolea na maji ya kumwagilia. Kwaiyo maumivu hayawi "intensive", na ile I ya ICU (Intensive Care Unit) haisemi kwamba mgonjwa ana hali kali, inasema uangalizi wake ndo umekazwa, wauguzi na mashine saa 24. Sisi tukaiita chumba cha wagonjwa mahututi, tukamtazama mgonjwa badala ya uangalizi, na wapo wanaopendelea "uangalizi maalumu". Mi naona yote yanafaa, ila ukiwa unaongea na ndugu wa mgonjwa pale mlangoni tumia hilo la uangalizi.